Usiniombe kazi, niulize swali: jinsi ya kutumia biro (ofisi) ya ajira ya chuo hapa Lubumbashi

Jumamosi saa tatu asubuhi unanikuta nimeshakaa. Meza ya plastiki, viti vinne, kivuli cha mwembe nyuma ya kitivo kule kampasi ya Kasapa, na chupa ya chai ambayo siinywi peke yangu. Sina cheo chochote chuoni. Nilisoma sosholojia hapahapa, nikafanya miaka saba katika biro ya wafanyakazi ya kampuni moja inayohudumia migodi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kufungua bahasha za waombaji. Nilipoacha, wenzangu wa kamati ya wahitimu wakanipa meza, wakasema: wewe ndiye unayajua mambo hayo, saidia wadogo.

Wadogo wanakuja. Mmoja anaketi, anaweka bahasha ya kaki mezani, anasema: "Yaya (yaani mkubwa wangu), unitafutie kazi, hata yoyote."

Siwezi. Naisema mapema ili tusichoshane. Biro ya ajira ya chuo, iwe meza yangu ya mwembeni, iwe ofisi yenye kompyuta na mabango ukutani, haina kazi ndani ya droo. Ina vitu vingine: barua ya kukupeleka staji (mafunzo ya vitendo kazini), macho ya kusoma CV yako kabla ya macho ya bosi, majina ya waliotangulia, mazoezi ya mahojiano, na mtu wa kukusomea mkataba. Ukitaka vikufae, lete swali lenye jibu. "Nitafutie kazi" halina jibu. "Nani alimaliza kemia akaingia maabara ya mgodi, na siku ya mtihani walimpima nini?" Hilo lina jibu, na pengine nalijua.

Kama shule yako haina biro ya namna hii, mtafute katibu wa idara anayepiga muhuri barua za staji. Huyo ndiye biro yako. Anajua kampuni ipi inapokea wanafunzi na ipi inaacha barua zao zioze getini.

Barua ya staji

Kila mwaka ni vilevile: finalisti wote, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wanakumbuka staji wiki moja, foleni inafika kwenye ngazi, na kampuni inapokea barua sitini zinazofanana. Wewe njoo miezi mitatu kabla. Uje na jina la kampuni, jina la huduma unayotaka ndani ya kampuni hiyo (maabara, ghala, uhasibu, mazingira), tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza, na mada ya tasnifu yako ya kumalizia chuo hata kama bado haijaiva. Barua iliyoandikwa "Kwa Mkurugenzi" tu inakufa mikononi mwa mlinzi. Barua yenye jina la huduma inapandishwa ngazi, kwa sababu mlinzi anajua ampe nani.

Chapisha nakala mbili. Moja unaiacha, ya pili inapigwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, unarudi nayo nyumbani. Wanafunzi wengi wanaona aibu kudai muhuri huo. Dai kwa adabu, lakini dai. Ukirudi baada ya wiki mbili na kuambiwa "hatujaona kitu," unatoa nakala yako na mazungumzo yanabadilika.

Ukiwa ndani ya staji, nunua daftari dogo. Kila jioni andika mistari mitatu: leo nimefanya nini, kiasi gani, kwa kifaa gani. Utaona ni kazi ya bure mpaka ufike kwenye CV.

Mstari mmoja wa CV

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo niliona watu wengi wakipotea. Kuna mwaka tulitangaza nafasi mbili tukapokea dosiye (bahasha za maombi) zaidi ya mia mbili. Nilikuwa na siku moja na nusu. Hesabu mwenyewe kila mtu alipata dakika ngapi, ondoa na muda wa kula.

Mwaka juzi alikuja kijana wa jiolojia. Kwenye CV yake, chini ya staji, aliandika kwa Kifaransa kizuri kabisa maneno yenye maana hii: "Kushiriki katika kazi mbalimbali za kampuni." Nikafunga karatasi. Nikamwuliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: ulikuwa unaamka, unafanya nini?

"Tunaamka saa kumi na moja, gari inatuchukua, tunafika kwenye mashine ya kuchoronga."

Halafu?

"Karoti zinatoka, mimi nazipanga ndani ya sanduku."

Karoti, kwa asiyejua, ni magogo ya mawe ya duara yanayotoka kwenye tundu la kuchorongea. Si za kupika. Anazipanga vipi?

"Kwa kufuata mita. Naandika mita ya kuanza na ya kuishia. Naosha, napiga picha. Halafu napima vipande."

Vipande gani?

Akanyoosha mgongo. Akanieleza kwamba unachukua vipande vyote vyenye sentimita 10 kwenda juu, unajumlisha urefu wao, unagawa kwa urefu wote uliochorongwa, unapata asilimia, na asilimia hiyo ndiyo inakuambia kama mwamba ni mzima au umevunjikavunjika. Ikiwa chini sana, wahandisi wanajua ukuta wa shimo unaweza kuwaangukia. Siku nzuri walikuwa wanapima mita 40.

Mimi mtu wa sosholojia nilikuwa naelewa mwamba kwa mara ya kwanza maishani, na yeye alikuwa ameuzika ujuzi huo chini ya maneno "kazi mbalimbali". Tukaandika upya: alipanga, aliosha, alipiga picha na kuandikisha sampuli za kuchoronga, hadi mita 40 kwa siku, kwa wiki sita, alipima ubora wa mwamba kwa vipande vya sentimita 10 na zaidi, aliingiza takwimu kwenye Excel kila jioni. Mistari mitatu. Mambo yote hayo yalikuwa kwenye daftari lake; alikuwa hajui tu kwamba hayo ndiyo yanayotafutwa.

Kwa hiyo fanya hivi: kabla ya kuandika CV kwa Kifaransa, msimulie mtu kwa Kiswahili siku yako ya staji tangu kuamka. Mama yako, mdogo wako, yeyote asiyejua fani yako. Kila anapouliza "hiyo ni nini?", hapo ndipo pana mstari wa CV. Kifaransa kitakuja baadaye. Aliyesoma fasihi na historia ataniambia hana karoti za kupima. Anazo. Mmoja alikuwa ameandikisha rejista za ubatizo za parokia nzima kwenye kompyuta. Kwangu huyo ni mtu wa kutunza kumbukumbu za ofisi, na ndivyo tulivyoandika.

Kurasa mbili zinatosha. Hali ya ndoa na picha weka kama tangazo linaomba. "Mchapakazi, mwenye nguvu, anayejituma" toa. Kila bahasha niliyofungua ilikuwa na mchapakazi ndani.

Dosiye iwe tayari kabla ya tangazo

Matangazo mengi hapa yanakaa siku tano au wiki moja, na siku mbili za kwanza unakuwa hujaliona. Usisubiri tangazo ndipo uanze kukimbilia karatasi. Diploma yenyewe huchelewa, wote tunajua. Wakati unaingoja, hati ya kufaulu na karatasi ya alama za miaka yote hukubaliwa. Ongeza nakala ya kadi ya mpigakura, cheti cha staji, na kadi ya mtafuta kazi ya ONEM.

Hii ya mwisho wanafunzi wanaidharau. ONEM ni ofisi ya taifa ya ajira, ilianzishwa mwaka 2002, na matangazo mengi yanataka kadi yake. Unaenda mwenyewe na karatasi zako unajiandikisha. Nenda wiki ambayo huna haraka.

Karatasi zote ziskani, ziunganishe ziwe faili moja ya PDF yenye jina lako na nafasi unayoomba. Nimepokea diploma iliyopigwa picha juu ya kitanda, blanketi la maua linaonekana pembeni na kidole cha mguu chini. Tulicheka biro nzima, na bahati mbaya ndicho kitu pekee tulichokumbuka juu ya mtu yule.

Wakubwa waliotangulia

Nikiwa mwaka wa pili profesa wetu alitufundisha habari za Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani. Mwaka 1973 alichapisha makala iliyosema jambo lililotushangaza: katika watu aliowachunguza waliopata kazi kupitia mtu, wengi hawakusaidiwa na rafiki wa karibu, walisaidiwa na mtu wanayefahamiana kwa mbali, wanaoonana mara chache. Sababu yake ni rahisi. Rafiki yako wa kila siku anajua yaleyale unayoyajua. Wa mbali anaishi kwenye habari nyingine. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri, nikaliacha hapo. Ni baada ya miaka mingi ndipo nilipogundua kwamba orodha ya wahitimu ndiyo kitu chenyewe: watu mia kadhaa wa mbali, waliokaa kwenye auditoriamu ileile yenye joto, waliotawanyika Likasi, Kolwezi, Fungurume, Kinshasa.

Shida ni namna tunavyowaendea. Ujumbe wa kawaida ni huu:

"Bonjour yaya. Mambo? Mimi ni mdogo wako wa Kasapa. Niko natafuta kazi, unisaidie hata kitu chochote. Mungu akubariki."

Mkubwa akiusoma anachoka. Hana kazi ya kutoa, hataki kukuambia hana, basi ananyamaza. Wewe unasema ana kiburi. Jaribu hivi:

"Shikamoo yaya. Mimi ni finalisti wa kemia. Namba yako nimepewa na kamati ya wahitimu. Nimesikia ulianza maabara kabla ya kwenda huduma ya mazingira. Sikuombi kazi. Naomba dakika 15 kwa simu, Jumamosi au siku unayoweza, nikuulize maswali matatu: walikupima nini ulipoingia, kitu gani hukukijua ukajuta, na kama ungekuwa mimi leo ungejifunza nini kwanza. Asante sana."

Huyo anajibiwa. Si kila mara, lakini anajibiwa. Watu wanapenda kusimulia walivyoanza, na hakuna anayeona aibu kwa kuulizwa anachokijua.

Siku ya mazungumzo, dakika 15 zikiisha mwambie zimeisha. Yeye ndiye aongeze. Usimpe CV asipoiomba. Mara nyingi ataiomba mwenyewe. Swali la mwisho: "Kuna mtu mwingine unayefikiri nizungumze naye?" Kesho yake mshukuru. Baada ya mwezi mwambie ulichofanya na ushauri wake, hata kama hujapata kitu. Hili la mwisho karibu hakuna anayelifanya, na ndilo linalomfanya akukumbuke siku nafasi ikitokea.

Halafu, tafadhali, usimwendee nyumbani Jumapili mchana. Hapa kwetu hawatakufukuza. Watakukaribisha bukari (ugali) na samaki wa tomsoni, utakula, utasalimia watoto, na utaondoka umekuwa mgeni. Mgeni aliyeshiba hawezi tena kutoa karatasi ya maswali.

Mtaniuliza: na zile nafasi za "mtoto wa fulani"? Zipo. Nimefungua bahasha za nafasi ambayo jina la mshindi nililijua tangu wiki iliyotangulia, na nilizifungua zote hivyohivyo kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Sitawadanganya. Lakini mgodi hauwezi kupima sampuli kwa mashemeji peke yao, na kuna nafasi nyingi ambazo bosi mwenyewe anahangaika apate mtu anayeijua kazi.

Tazama pia kampuni ndogo

Kila mtu anataka jina kubwa kwenye kofia. Tangu sheria ya ukandarasi mdogo ya Februari 2017, kazi za ukandarasi zinapaswa kwenda kwa kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Ndiyo maana chakula cha wafanyakazi, usafiri, ulinzi, matengenezo, hata uchorongaji, mara nyingi vinafanywa na kampuni ambazo hujawahi kusikia majina yake. Wengi walioanza kazi nikiwaona waliingia kwa mlango huo. Mshahara si ule wa mgodi. Ila baada ya miaka miwili mtu ana kitu cha kuandika, tena anafahamika getini.

Na kama una diploma nzuri lakini mikono haijui kitu, nenda INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoko tangu 1964. Nimemwona mhitimu wa miaka mitano chuoni akijifunza uchomeleaji na watoto waliomaliza sekondari. Alinuna wiki ya kwanza tu.

Mahojiano

Ukumbi mtupu, watu watatu, swali la kwanza: tuambie wewe ni nani. Mimi kwenye mahojiano yangu ya kwanza kabisa nilianza na shule ya msingi. Nilipofika sekondari walikuwa wanatazama saa. Jibu la dakika mbili linatosha: umesoma nini, umewahi kufanya nini kwa mikono yako, kwa nini uko mbele yao. Liseme kwa sauti mbele ya mtu, mara tano, kwa Kiswahili kwanza kisha kwa Kifaransa. Migodi mingi itakubadilishia Kiingereza katikati bila kukuonya, kwa hiyo dakika hizo mbili ziwe tayari kwa Kiingereza pia. Kwenye meza yangu mazoezi haya hayalipiwi na karibu hakuna anayeyaomba mpaka siku moja kabla.

Pesa hutoi

Mwaka niliomaliza, bwana mmoja mwenye tai na muhuri alichukua dola 30 zangu za "kufungua dosiye". Nilizikopa kwa mama mdogo, aliyekuwa anauza sombe (kisamvu) kwenye soko la Kenya, komuni ya hapahapa Lubumbashi. Sikumwona tena yule bwana. Basi shika hivi: anayekupa kazi hakuombi pesa ya dosiye, ya mafunzo, ya sare wala ya daktari kwa kutuma kwenye simu ya mtu. Tangazo likikutia shaka, lilete. Tunatazama anwani ya barua pepe, tunampigia mkubwa aliye kwenye kampuni hiyo, na mara nyingi kwa dakika kumi tunajua.

Mkataba uje nao kabla ya kusaini

Hii ndiyo huduma inayonifurahisha, na ndiyo inayotumiwa kidogo kuliko zote. Mtu amepata kazi, amefurahi, anasaini akiwa amesimama. Omba uende nao nyumbani usiku mmoja. Kwa sheria ya kazi ya mwaka 2002, muda wa majaribio hauzidi miezi sita, na kwa kibarua asiye na fani hauzidi mwezi mmoja. Mkataba wa muda maalumu hauzidi miaka miwili, na hurudiwa mara moja tu. Kama hawakukupa maandishi yoyote, sheria inauhesabu kuwa mkataba usio na kikomo mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo tunza karatasi za mishahara na kila ujumbe. Nimeona "majaribio" ya miezi kumi na moja. Mwenye mkataba huo alikuja kwangu mwezi wa kumi na mbili, alipokuwa ameshaachishwa.

Nyinyi mliomaliza zamani

Meza ni yenu pia. Mwaka jana alikuja mzee mmoja wa promosheni (kundi la wahitimu) ya miaka ya tisini, kampuni yake imefunga, anaona haya kukaa foleni na watoto. Nilimweka kiti cha upande wangu. Asubuhi ile alisoma CV za vijana watatu, na mmoja wao, mtu wa hesabu, akamfundisha kuskani karatasi zake kwa simu.

Na walio kazini: hatuwaombi ahadi. Tunaomba mtuambie tangazo likitoka, mpokee mwanafunzi mmoja wa staji kwa mwaka, na mjibu simu ya dakika 15. Ukiahidi kazi ambayo huna, kijana anakaa miezi minne akikungoja, na miezi hiyo sisi ndio tunaimaliza naye hapa.

Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja, tunahama mwembeni tunaingia veranda ya kitivo, upande wa maktaba. Njoo na CV ya karatasi, kioo cha simu yangu kimepasuka na sisomi vizuri. Njoo na daftari la staji. Na kalamu yako mwenyewe. Zangu zote zimeondoka na watu ambao sasa wana kazi.